Gurudumu Lililonuka Nazi

Kila asubuhi ya likizo Chamsia alikuwa na kazi tatu: kufagia ua, kumshika Koko mkono mpaka kwenye kiti chake cha kamba barazani, na kuiweka juani chupa ya mafuta ya nazi. Hii ya tatu ilikuwa kazi ya mwezi wa Agosti tu. Usiku wa Agosti huwa na kibaridi hata hapa Nosy Be, na mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa, yakawa meupe kama mshumaa. Koko hakupenda kungoja. Alitaka kujisugua magoti mapema, kabla ya chai.

"Chamsia! Mafuta yangu yameamka?"

"Bado yamelala, Koko."

"Basi yaamshe, mjukuu wangu. Magoti yangu yameamka zamani."

Koko ndivyo Wangazija wengi wanavyomwita bibi. Jina lake hasa lilikuwa Rahamatou, na nyumba ile ya Hell-Ville ilikuwa yake, kwa kuwa kwa desturi yao mwanamume akioa huja kuishi nyumbani kwa mkewe. Koko alimjua kila mpita njia kwa kikohozi chake na kwa mlio wa kandambili zake. Kuona, alikuwa haoni. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika macho yake yote mawili. Aliona mwanga, aliona vivuli, basi.

Lakini mwezi uliopita ilikuja barua kutoka Mahajanga. Mjomba Fazul, mtoto wa kiume wa Koko, aliandika kwamba madaktari wa macho wangefika huko kwa siku chache, na jina la Koko lilikuwa limeshaandikwa kwa siku ya Jumatano. Koko alikuwa hajaonana na mwanawe kwa miaka saba, tangu ule mwaka wa vurugu dhidi ya Wangazija ambao jamaa wengi waliondoka Mahajanga, naye akahamia Nosy Be na binti yake, mama yake Chamsia. Aliomba asomewe barua ile mara nne.

"Nitamwona Fazul," alisema. "Si kumsikia tu. Kumwona!"

Chombo cha bahari kilimtapisha siku zote, na magoti yake hayakuweza ngazi za basi. Kwa hiyo baba yake Chamsia, Ibouroi, akasema, "Mama, nitakupeleka kwa gari." Gari lenyewe lilikuwa Renault kuukuu, aina ile ambayo kisiwa kizima kiliiita Katrel. Lilikuwa na umri mkubwa kuliko Chamsia, na Chamsia alikuwa na miaka kumi na miwili. Injini yake ilikuwa bado nzima. Breki na miguu yake ndivyo vilivyochoka.

Ibouroi alikuwa fundi wa matrekta katika kiwanda cha sukari cha Dzamandzar. Alipewa likizo ya siku kumi na mbili, na siku tatu za mwanzo alizitenga kwa ajili ya gari, palepale uani. Hakumwita mtu wa kumsaidia. Alimwita binti yake.

"Mikono yako ni midogo," alimwambia. "Inaingia pale ambapo yangu inakwama."

Basi siku mbili zilipita kwa raha. Walianza nyuma. Waliweka mawe mbele ya magurudumu ili gari lisitembee, wakalinyanyua kwa jeki, wakaliegemeza juu ya magogo. Baba aligonga ngoma ya breki kwa nyundo ya mbao, taratibu, mpaka ikatoka. Ndani mlikuwa na vumbi jeusi. Chamsia akainama alipulize.

"Usipulize!" Baba alimdaka bega. "Vumbi la breki ni adui wa mapafu. Linaingia kimya na halitoki. Lete kitambaa kibichi."

Wakalifuta kwa maji. Baba akamwonyesha viatu vya breki, vyuma viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, kila kimoja kimevishwa utepe mgumu wa kijivu kwa nje. "Ukikanyaga breki, viatu hivi vinatanuka na kuikumbatia ngoma, na gurudumu linasimama. Utepe huu ndio unaoshika. Sasa sikiliza sheria ya breki, maana ni moja tu: hapa pasifike mafuta. Hata ya kidole. Utepe unayanywa kama mkate unavyokunywa chai, na ukishayanywa haukubali tena kuyatapika. Kabla ya kuvishika, unanawa kwa sabuni. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Walisugua kutu kwa msasa mpaka ngoma zikang'aa. Walibadilisha mipira midogo iliyochakaa. Walipaka grisi kwenye viungo vya miguu, mbali na viatu. Kisha Baba akafunga shokapu mpya za nyuma, zile zinazozuia gari kurukaruka, akamfundisha kuzipima. "Bonyeza kona ya gari kwa uzito wako wote, halafu achia. Likipanda mara moja na kutulia, shokapu ni nzima. Likicheza ngoma, imekufa."

Chamsia alibonyeza, akaachia. Gari likapanda, likatulia. Hakuna mtoto mwingine mtaani aliyejua jambo hilo, na hilo ndilo lililomtia shida.

Siku ya tatu ilikuwa Alhamisi. Yalibaki magurudumu ya mbele. Baba aliviweka viatu vipya vya mbele juu ya mkeka, mbele ya gari, viwili vya kulia na viwili vya kushoto. Vilitoka Mahajanga. Mjomba Fazul alivisaka wiki tano kabla ya kuvipata, na Nosy Be nzima hapakuwa na vingine.

"Nakwenda dukani kufuata mafuta ya breki, yale ya kwenye mabomba," Baba alisema. "Vilinde."

Hakufika hata kona, na Charifa wa nyumba ya jirani akaingia, kitana mkononi. Alikuwa amekuja kumsuka Chamsia kwa safari.

"Ee, fundi!" Charifa alicheka. "Kucha zako zimekuwa kama za kunguru. Mafuta yako wapi?"

Mafuta yalikuwa bado yameganda. Chamsia alizoea kuiweka chupa juu ya ukuta wa kisima, lakini ukuta ulikuwa bado kivulini. Boneti ya gari ilikuwa imeshapata moto. Akaiweka pale, akaichomoa kizibo chake cha kitambaa ili ipate joto upesi. Charifa akaanza kusuka kwa mikono mikavu, huku akimsemasema.

"Hebu niambie, kazi yako hasa ni nini? Kushika spana tu?"

"Najua kupima shokapu."

"Shoka gani?"

"Tazama." Chamsia akainuka, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Akaenda nyuma ya gari, akalibonyeza. Likapanda, likatulia. "Umeona? Nzima hizo. Sasa za mbele, bado hatujazibadilisha." Akaja mbele, akabonyeza kona ya kulia kwa nguvu zake zote, akaachia.

Gari likacheza ngoma kweli. Likapanda, likashuka, likapanda. Na ile chupa, ambayo mafuta yake yalikuwa yameshayeyuka, ikateleza juu ya boneti, ikabiringika, ikaangukia mkekani.

Haikuvunjika. Ilimwaga tu. Mafuta yalimwagika juu ya kiatu kimoja cha breki, cha upande wa kulia, yakaenea juu ya utepe wa kijivu. Na Chamsia aliuona utepe ukiyanywa.

Kisha Charifa akanong'ona, "Futa! Futa upesi!"

Alifuta kwa kitambaa. Alikisugua kile kiatu kwa majivu, akakiosha kwa sabuni mara mbili, akakianika juani. Kilipokauka kilikuwa cha kijivu kama wenzake watatu. Alikinusa. Kilinuka sabuni.

"Haionekani," Charifa alisema. "Usiseme. Kwa nini useme kitu kisichoonekana? Mimi sijaona kitu." Akaiokota chupa, akaijaza mafuta kidogo kutoka kwenye dumu la jikoni, akairudisha kwenye ukuta wa kisima, akaenda zake bila kumaliza kusuka.

Baba alirudi. Akalinyanyua gari, akalala chini, akanyoosha mkono. "Nipe viatu vya kulia. Umenawa?"

"Nimenawa, Baba."

"Viko safi?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Maneno mawili tu: *Baba, yalimwagika.* Alifungua kinywa. Akaviona vidole vya Baba vimenyooshwa, vinamngoja, havina shaka yoyote.

"Viko safi."

Baada ya hapo kazi haikuwa na utamu tena. Walitoa hewa kwenye mabomba ya breki, Baba chini ya gari, Chamsia kitini na mguu kwenye pedali.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Shikilia… achia!"

Jana alikuwa akicheka kila Baba alipopiga kelele. Leo alijibu kwa sauti ndogo, na Baba akauliza kama anaumwa.

Ijumaa, baada ya sala, wakalijaribu gari. Koko akasema naye anakwenda, macho yasipoona matako yataonja shokapu. Wote wakacheka. Walipanda barabara ya kwenda Dzamandzar, wakageuka. Baba alipokanyaga breki kwenye mteremko, gari lilisimama, lakini lilivuta kushoto. Akajaribu tena. Likavuta kushoto tena.

"Nani anapika nazi huko nje?" Koko aliuliza, pua juu.

"Ni nywele za mjukuu wako, Mama," Baba alisema. "Zimeloa."

Chamsia alitazama nje ya dirisha. Nywele zake zilikuwa kavu kama makumbi. Mkono wa Koko ulikuja ukampapasa kichwa, ukakuta nusu imesukwa na nusu haijasukwa, ukakaa hapo kidogo.

Jioni ile, jua likiwa bado halijazama, Baba alilifungua gurudumu la kushoto. Aliona breki zake ni kali kuliko za kulia, akadhani amezikaza mno. Akazilegeza. Akajaribu. Likavuta. Akafungua tena. Mara ya tatu spana ikateleza, ikamchuna vifundo vya vidole mpaka damu ikatoka. Alikaa chini kwenye vumbi, mgongo kwenye gurudumu zima, akaitazama mikono yake.

"Miaka ishirini nafunga breki," alimwambia Mama yake Chamsia aliyeleta maji. Jina la Mama lilikuwa Fatouma, na kitoto kichanga kilikuwa mgongoni mwake. "Leo Katrel inanishinda. Labda mikono imezeeka, Fatouma. Labda na macho yangu mimi."

"Umechoka tu, baba Chamsia."

"Viatu vipya, labda. Vitazoeana na ngoma njiani." Lakini alisema kama mtu anayejitafutia maneno.

Chamsia aliyasikia yote, amesimama nyuma ya mlango na sabuni mkononi. Damu ile ilikuwa juu yake. Alijua hivyo. Baba alikuwa anafungua gurudumu lisilo na kosa, na yeye peke yake katika dunia nzima ndiye aliyejua la kufungua. Alijiambia, *nitasema baada ya chakula.* Baada ya chakula akajiambia, *nitasema asubuhi.* Na asubuhi kulikuwa na mizigo, na wageni wa kuaga, na dua, na mikate ya njiani.

Jumamosi saa tatu walikuwa bandarini. Pantoni ya kuvusha magari hadi Antsahampano haimngoji mtu. Inangoja maji kujaa, na yakijaa inapakia upesi na kuondoka. Magari hushuka kwenye mteremko wa mawe mpaka kwenye ulimi wa chuma. Mteremko ule siku hiyo ulikuwa mbichi, una mwani, na pande zote mbili hakuna ukuta, ni maji.

"Abiria wote chini!" alipiga kelele mfanyakazi wa pantoni. "Dereva peke yake!"

"Mama mkwe wangu haoni na magoti yake ni mabovu," Baba alisema. "Mwache akae."

Yule mtu akamtazama Koko, kiti cha mbele, buibui limepigwa pasi, mkoba wa barua mapajani. "Haya. Bibi akae. Mtoto ashuke."

Chamsia akashuka, akasimama karibu na Mama aliyekuja kuwaaga. Lori la ndizi likashuka salama. Mbele yao halikubaki gari lingine. Katrel ikaanza kwenda taratibu kuelekea ukingoni, na kupitia dirishani Koko akampungia mkono. Alimpungia upande usio wake, kwa kuwa hakumwona alipo.

Miguu ya Chamsia ilikwenda kabla yake. Alikimbia, akasimama mbele ya gari, mikono imetanuka.

"Baba! Simama! Usishuke!"

Baba akakanyaga breki. Palikuwa bado tambarare. Gari likajipinda kushoto kwa ghafla, likayagonga magunia matupu yaliyorundikwa pembeni, likasimama. Kama pangekuwa mteremkoni, kushoto kulikuwa na maji. Kutoka kwenye gurudumu la kulia la mbele ikapanda harufu ya nazi iliyokaangwa.

Baba alitoka garini uso umemkauka. "Una wazimu? Ungekufa!"

"Ni la kulia, Baba." Alikuwa akilia sasa, maneno yakitoka vipandevipande. "Si la kushoto. La kulia. Mafuta ya Koko yalimwagika juu ya kiatu. Niliweka chupa kwenye boneti. Nikalitikisa gari. Nikakiosha, nikakwambia kiko safi. Hakikuwa safi. Si mikono yako, Baba. Ni mimi."

Watu wa bandarini walikuwa wameshakusanyika. Honi za nyuma zilipigwa. Mfanyakazi wa pantoni akapaza sauti, "Mnashuka au hamshuki? Maji hayanisubiri!"

Baba aliutazama mteremko. Akamtazama Koko. Akaitazama mikono yake yenye michubuko mibichi.

"Hatushuki," alisema.

Hakupiga kelele. Chamsia angependa apige. Walirudi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayetembea, gari likinguruma polepole, huku pantoni ikitoka bandarini bila wao. Pantoni nyingine ya magari ingekuwa Jumatatu. Hakuna aliyehitaji kuhesabu kwa sauti. Jumatatu kuondoka, njia ile mbovu siku tatu: Jumatano ya madaktari isingewangoja.

"Koko," Chamsia alisema barazani, amepiga magoti. "Nimekuharibia macho yako."

Koko alikuwa ameshika mkoba wa barua. Chamsia aliona kwamba bibi yake alikuwa anajikaza asilie. Hilo lilimuuma kuliko fimbo.

"Niliinusa nazi ile Ijumaa," Koko alisema mwishowe. "Pua yangu haina mtoto wa jicho. Nikaambiwa ni nywele, nikazishika, zilikuwa kavu. Nami nikanyamaza, nikasema labda naota. Basi tumenyamaza wawili. Nenda ukamsaidie baba yako."

Baba alikuwa ameshalifungua gurudumu la kulia. Utepe wa kile kiatu ulikuwa umetoka weusi unaong'aa; joto la breki lilikuwa limeyavuta mafuta kutoka ndani. Akampa Chamsia akinuse, kisha akasema, "Vaa viatu. Tunakwenda Dzamandzar."

Katika karakana ya kiwanda alikuwapo mzee mmoja fundi, Daoudou, ambaye bado alijua kuvisha viatu vya breki utepe mpya kwa mkono, kama walivyofanya zamani vipuri vilipokuwa havifiki. Baba hakumweleza kilichotokea. Alimsukuma Chamsia mbele. "Mwambie wewe."

Akamwambia. Daoudou akakinusa kiatu, akacheka mpaka akashika ubavu. "Wallahi! Nimeona breki zenye grisi, zenye dizeli, zenye matope. Hii ndiyo ya kwanza ya kupikia mchuzi!" Kisha akaacha kucheka. "Lete na vya kushoto. Breki ni kama ng'ombe wawili kwenye mkokoteni mmoja. Ukimlisha mmoja tu, mkokoteni unakwenda mtaroni."

Walifanya kazi Jumamosi alasiri na Jumapili yote. Chamsia aling'oa misumari ya zamani ya utepe, akashika utepe wakati Daoudou akiukata, akasugua kingo kwa msasa mpaka vidole vikafanya malengelenge. Alinawa kabla ya kila kiatu. Hakuna aliyemkumbusha.

Jumapili jioni walilijaribu gari kwenye ule mteremko wa barabara. Baba alikanyaga, kisha akauachia usukani, akainyanyua juu mikono yote miwili. Katrel ilisimama imenyooka kama mshale. Baba akaitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akatabasamu.

Walivuka Jumatatu. Walipita Ambanja, wakapita Antsohihy, vumbi jekundu mpaka mapajani, na kila mteremko Chamsia alishusha kioo akanusa. Walifika Mahajanga Alhamisi mchana. Mjomba Fazul aliwapokea mtaani Mahabibo, akamkumbatia mama yake huku akilia na kucheka, kisha akawaambia walichokuwa wanakijua. Madaktari walimaliza jana. Wangerudi baada ya wiki tatu.

Likizo ya Baba haikutosha. Alirudi kazini kwa meli, akaliacha gari uani kwa Mjomba. Chamsia akaomba kubaki na Koko. Wiki tatu alikuwa macho yake. Alimshika mkono mpaka chooni, akamtolea miiba ya samaki, akamweleza mtaa wote jinsi ulivyo: mlango gani umepakwa rangi, mwembe gani umekatwa. Koko alikuwa ameishi mji ule miaka arobaini, akataka kujua kila kitu. Asubuhi kadhaa Koko alimgeukia Fazul na kumpapasa uso kwa vidole, polepole, akitafuta kitu asichokiona. Chamsia alitoka nje kila mara.

Madaktari walirudi. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji kwanza. Siku bandeji ilipofunguliwa, Baba alikuwa ameshafika tena kuwachukua, na wote walisimama kuzunguka kitanda. Koko alipepesa. Machozi yalimtiririka. Akamtazama Fazul, akamtazama sana.

"Una mvi!" alisema. "Nani amekuruhusu?"

Kisha jicho likamwendea Chamsia. Koko akamwita kwa kidole, akazishika nywele zake.

"Na wewe, nani amekusuka hivi, kuku?"

"Nimejisuka mwenyewe, Koko."

"Inaonekana." Akamvuta kifuani.

Kesho yake, kabla ya safari ya kurudi, Baba alitaka kuweka viatu vipya vya dukani ambavyo Mjomba Fazul alikuwa amevipata kwa ajili ya Katrel. Walitandika mkeka uani. Koko alikuwa amekaa karibu, miwani nyeusi usoni, anatazama kila kitu kama mtoto sinemani.

"Baba," Chamsia alisema, "bado umenikasirikia?"

Baba alifuta spana kabla ya kujibu. "Mafuta humwagika, Chamsia. Mimi niliwahi kumwaga ndoo nzima ya dizeli kwenye ofisi ya mkubwa wangu. Kwa mafuta sikukukasirikia hata siku moja. Kilichoniumiza ni zile siku mbili. Ungeniambia Alhamisi, ningejua gurudumu la kufungua, na Jumamosi tungevuka. Uliponyamaza, nilifungua lisilo na kosa, nikaanza kuilaumu mikono yangu. Ukweli hauondoi mafuta, mwanangu. Unamwonyesha fundi pa kushika."

"Na pale bandarini?" Koko aliuliza kutoka kitini.

"Pale bandarini," Baba alisema, sauti ikashuka, "alichelewa, lakini alisema. Ndiyo maana tuko hapa wote watatu."

Akalala chini ya gari, akanyoosha mkono. "Nipe viatu vya kulia. Viko safi?"

Chamsia alivichukua. Akavigeuza juani, kimoja, cha pili. Juu ya utepe wa kile cha pili palikuwa na alama ndogo ya kidole, ndogo kama punje ya mchele. Baba asingeiona kule chini.

"Bado, Baba. Hiki nilikishika kabla ya kunawa. Kina alama ya kidole changu."

"Wapi?"

"Ukingoni, juu."

"Chukua msasa na kitambaa kibichi uisugue kabla haijazama ndani. Ni kazi ya dakika mbili," Baba alisema, na mkono wake ulibaki umenyooka, ukimngoja.